Ureno mwezi wa sita au wa tisa? Jua lipo, lakini naambiwa bahari inauma

#1 Mgosi_wa_Makorora
Wakuu habari. Nimejichanga, na Mungu akipenda mwakani nataka kumpeleka mama watoto na bi mkubwa wangu (ana miaka 68) Ureno, wiki mbili kasoro. Hatutaki mbio. Tunataka jua, bahari, samaki, na bi mkubwa apate pa kukaa akatazama watu.

Nina maswali. Twende mwezi wa sita, wa nane au wa tisa? Tukae Lisbon, au tushuke kusini kabisa Algarve? Na hili ndilo linanisumbua: kuna jamaa aliwahi kuishi huko, anasema nchi kavu utakuta nyuzi 33 na ukiingia baharini unakutana na 17. Nchi iwake jua miezi mitatu mfululizo halafu maji yawe ya baridi, inawezekanaje? Nahisi ananikatisha tamaa tu nisije nikamwomba mwenyeji.

#2 Chuma_Ulete
Mtu wa Tanga, bahari iko mlangoni, anasafiri kutwa nzima na usiku juu kwenda kuoga bahari ya baridi. Mleta mada nani kakuroga?

#3 MkaziWaAlmada
Mgosi karibu. Mimi naishi Almada, ng'ambo ya mto ukitoka Lisbon, kazi yangu kulea wazee. Jamaa yako kakwambia kweli tupu.

Pwani ya magharibi yote (Caparica hapa kwetu, Cascais, Ericeira, Nazaré) hata Agosti maji ni 17 hadi 19, ukibahatika 20. Wareno wenyewe wanaingia wakipiga kelele, wanatoka, wanalala mchangani. Ukishuka Algarve unapata 20 hadi 22, na ukisogea mashariki ya Faro, huku Tavira na Monte Gordo, wakati mwingine inapanda kidogo tena. Hiyo ndiyo ahueni. Yale ya Tanga ya 27, 28 yafuteni kichwani.

Kuhusu mwezi: Agosti usije kama una hiari. Wareno wako likizo, na wale wanaofanya kazi Ufaransa na Uswisi wanarudi kwao na magari yao. Chumba bei juu, mezani mnasubiri saa nzima. Juni kuzuri, siku ndefu, jua la Lisbon linazama saa tatu usiku, ila bahari bado haijapata moto. Septemba bahari iko kwenye kilele chake na watu wamerudi kazini. Mimi ningechagua Septemba, wiki mbili za mwanzo.

#4 Nahodha_Kojani
Suala la baridi ni jepesi. Kuna mkondo wa bahari unatoka kaskazini unashuka ubavuni mwa Ureno kwenda Moroko hadi visiwa vya Kanari. Maji yanatoka juu huko, yanakuja na ubaridi wake. Kwetu mkondo unatoka ikweta, kwa hiyo maji moto. Mwisho wa hadithi.

#5 Mwalimu_Ramani
Nahodha, mkondo upo, lakini haujibu swali. Ingekuwa mkondo peke yake, maji ya karibu na ufukwe na ya mbali yangelingana. Hayalingani. Kiangazi ukitoka ufukweni ukaenda mbali bahari kuu, maji yanakuwa na joto ZAIDI kuliko pale watoto wanapooga.

Kinachofanya kazi ni upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba unavuma upepo wa kaskazini, wenyewe wanauita nortada, unapiga sambamba na pwani. Kwa sababu dunia inazunguka, maji ya juu hayaendi moja kwa moja upepo unakoelekea, yanasukumwa pembeni kwenda bahari kuu. Nafasi yake inajazwa na maji ya chini, na ya chini hayajawahi kuonana na jua. Ndiyo maana siku ya upepo mkali na jua kali ndiyo siku ya maji baridi zaidi. Na ndiyo maana Ureno ina dagaa wa kumwaga: maji ya chini yanapanda na chakula chake.

#6 Tajiri_Mtarajiwa
Mimi nilisikia ni barafu ya Greenland inayeyuka.

#7 Chuma_Ulete
Na wewe ndiye uliyeyuka kwenye somo la jografia.

#8 Bin_Said_Muscat
Salaam. Namuunga mkono Mwalimu. Huku Oman jambo hilo tunalo. Muscat kiangazi bahari inachemka, lakini teremka Salalah wakati wa kharifu, mwezi wa saba na wa nane: upepo wa kusi unapiga pwani ya Dhofar, maji yanakuwa ya baridi, ukungu juu ya vilima, na dagaa wa kutosha hadi wanaanikwa ufukweni kulisha ng'ombe na ngamia. Pwani ya Somalia nayo hivyo hivyo wakati wa kusi. Jua kali na bahari baridi vinakaa nyumba moja bila ugomvi.

#9 Nahodha_Kojani
Sawa, Bin Said na Mwalimu, tuseme upepo. Basi nielezeni Algarve. Upepo wa kaskazini ukifika kule unatokea nchi kavu kwenda baharini, si ndivyo? Ungesukuma maji ya juu yote yaende zake na Algarve ingekuwa baridi kuliko Lisbon. Mbona ina joto?

#10 Mwalimu_Ramani
Algarve inatazama kusini, imekingwa na milima ya Monchique na Caldeirão. Ubaridi unatokea ubavu wa magharibi, unazunguka kona ya Sagres na kuingia kidogo. Angalia Lagos, iko karibu na kona, ni baridi kuliko Tavira.

#11 MkaziWaAlmada
Wavuvi wa Olhão wana maelezo yao. Wanasema yote inategemea levante, upepo wa mashariki. Ukivuma siku mbili tatu unaleta maji ya moto kutoka upande wa Cádiz, na bahari inachafuka kidogo. Ukigeuka ukawa wa magharibi, asubuhi unaamka maji yameshuka nyuzi kadhaa na wageni wanalalamika hotelini, kana kwamba mwenye hoteli ndiye aliyebadilisha maji.

#12 Kijana_wa_Kibokoni
Yakhe, mimi niliingia Cascais mwezi wa saba. Wallahi miguu iliuma mpaka mfupa. Mtoto wa Kizungu wa miaka mitano yuko ndani anacheza, ananitazama mimi mwana wa Mvita nimesimama maji ya ndara. Nyote mnatoa maelezo ya sayansi, mimi naona ni mazoea tu. Wao hawajui maji moto ni nini.

#13 Mgosi_wa_Makorora
Asanteni sana. Kwa hiyo Septemba, na tuelekee mashariki ya Faro. Sasa viza. Nani ameomba karibuni?

#14 Karani_Mstaafu
Nimesaidia ndugu zangu kadhaa kujaza, nakupa yaliyo kwenye kanuni za Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja), siyo ya vijiweni.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu tarehe 11 Juni 2024, kabla ya hapo ilikuwa 80. Watoto wa miaka 6 hadi 11 ni nusu, chini ya hapo bure. Ukinyimwa viza, ada hairudi. Bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai miezi mitatu zaidi ya tarehe mtakayotoka, na iwe na kurasa mbili tupu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Jibu ni siku 15, lakini wana ruhusa ya kulivuta hadi 45. Kwa safari ya Septemba, wewe anza Mei. Usingoje Agosti uje hapa kulia.

Fedha ya kujikimu Ureno wanaitaja kwa hesabu: euro 75 kwa kuingia, halafu 40 kwa kila siku, kwa kila mtu. Hicho ni kima cha chini, si cha kujivunia.

Na kabla hujalipa chochote, hakikisha maombi ya mtu anayeishi Tanzania yanapokelewa wapi kwa sasa. Ubalozi wa Ureno wa Nairobi upo, wenzetu wa Kenya hawahangaiki sana.

#15 Fundi_Viza
Ushauri wa bure: omba nchi ambayo iko Dar na inatoa haraka, ukipata unaingia Ureno kiulaini. Schengen ni moja.

#16 Karani_Mstaafu
Fundi, usiwatie watu matatani. Unaomba nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, ile utakayoingia kwanza. Ukionyesha hoteli za Paris kisha mpakani wanakukuta na tiketi ya Faro tupu, wana haki ya kukuhoji, hata kuifuta.

#17 Fundi_Viza
Wangapi wamefutiwa? Taja mmoja.

#18 Mama_Ubungo
Mimi sikufutiwa, mimi nilinyimwa. Kile kikaratasi kina visanduku, wamekitia tiki kile cha kutilia shaka kama nitarudi nyumbani. Nina watoto watatu, nina duka, nina kiwanja. Jirani yangu hana hata kuku, alipata. Wakala niliyemlipa aliniambia ni kwa sababu nilitumbukiza milioni nane benki wiki moja kabla ya kutoa taarifa ya akaunti.

#19 Kaka_Mbezi
Mama Ubungo, mimi nilitumbukiza hela ya kuuza gari siku chache kabla, na nilipata. Tofauti niliambatanisha mkataba wa mauzo. Siyo hela yenyewe inayowakera, ni hela isiyo na baba.

#20 Shangazi_Nakuru
Mimi naona ni barua ya kazi. Ya kwangu ya kwanza ilisema niko likizo, haikusema narudi lini. Niliporudia mwajiri akaandika tarehe ya kurudi, jina la cheo na mshahara, ikapita. Mama Ubungo amejiajiri, barua ataandikiwa na nani? Leseni ya biashara na risiti za kodi ndizo barua yake.

#21 Fundi_Viza
Au ni karani wa siku hiyo kaamkaje. Hakuna anayejua, tuache kujidai.

#22 Mtoto_wa_Goma
Jambo kwenu wote. Sisi wa pasi ya Congo tuna shida ya juu yake: hata kupita tu uwanja wa ndege wa Ulaya bila kutoka nje, wanadai viza ya kupitia. Mgosi, nunua tiketi ya Istanbul au Doha, epuka Amsterdam na Paris.

#23 Karani_Mstaafu
Ndugu wa Goma, hiyo ya kupitia uwanjani inawahusu kweli wenye pasi ya Congo, pamoja na nchi nyingine kadhaa, lakini Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya pamoja. Na hata wewe ukishakuwa na viza ya Schengen ya kuingilia Ureno, haikugusi tena. Unapita Amsterdam kifua mbele.

#24 Mtoto_wa_Goma
Aksanti. Ila kifua mbele na pasi yetu, bado sijaona.

#25 Mpita_Njia_Maputo
Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar wala Nairobi kwenda Lisbon. Istanbul, Dubai na Doha ndizo njia za kawaida. Waliopo Maputo tuna TAP, shirika la ndege la Ureno, inakwenda moja kwa moja.

Mgosi, kwa bi mkubwa: unapokata tiketi omba msaada wa kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri. Ni bure, uombe angalau saa 48 kabla. Uwanja wa Lisbon mstari wa pasi kwa sisi wa nje ya Ulaya unaweza kuwa mrefu, na tangu mfumo wa EES uanze tarehe 12 Oktoba 2025, muhuri unaondolewa na badala yake wanakupiga picha na kuchukua alama za vidole. Mzee wa kiti anapitishwa pembeni na mtu wake mmoja.

#26 Chuma_Ulete
Mtu wake mmoja. Mgosi hapo chagua: mke au wewe.

#27 Kijana_wa_Kibokoni
Mgosi ukiwa Lisbon panda tramu namba 15 uende Belém. Ndani ya kanisa la Jerónimos, ukiingia tu mkono wa kushoto, liko kaburi la Vasco da Gama, la marumaru, amelala amefumba mikono. Mwambie mama ampe salamu kutoka Mombasa. Ndiye aliyetujengea Fort Jesus.

#28 Mtunza_Nyaraka
Kijana wa Kibokoni na makao yako ni hatua chache kutoka ngomeni! Da Gama alikufa Kochi, India, mkesha wa Krismasi 1524. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Hata mifupa yake kuwekwa hapo Jerónimos ni 1880.

Alipopita mwaka 1498 Mombasa walimkatalia, akaendelea hadi Malindi, huko akapokewa vizuri.

#29 Kijana_wa_Kibokoni
Sawa, tarehe zako chukua. Lakini la Malindi umelisema wewe, mimi simo. Watu wa Malindi mko wapi? Mgeni kafukuzwa na jirani, nyinyi mnamtandikia mkeka.

#30 Mwana_Malindi
Tuko. Tulimpa na nahodha wa kumfikisha India, Ahmad ibn Majid mwenyewe.

#31 Mtunza_Nyaraka
Hiyo ya Ibn Majid inapendwa, ila Wareno wa zama zile waliandika kwamba rubani alikuwa Mgujarati, na wanahistoria wengi leo hawamkubali Ibn Majid hapo.

#32 Bin_Said_Muscat
Sisi huku tumesoma shuleni kuwa ni Ibn Majid. Na kuna waliosoma kuwa ni yeye, kisha wakajuta kwa niaba yake. Kila mtu na kitabu chake.

#33 Wa_Kilwa
Mkimaliza Malindi kumbukeni 1505, walipotua Kilwa na mizinga. Mimi hiyo safari ya kwenda kupiga picha na kaburi lake siiwezi. Kama mnataka historia, mkiwa Algarve fikeni Lagos. Pale 1444 walishusha Waafrika waliotekwa pwani ya magharibi ya bara letu, wakawagawa na kuwauza hadharani. Kuna makumbusho madogo panapoitwa Soko la Watumwa. Yanaisha kwa dakika ishirini, utatoka umenyamaza kutwa.

#34 Mgosi_wa_Makorora
Hapa nimesoma kimya. Lagos nitafika, ila bi mkubwa tutamuuliza kwanza.
Naomba tuongee chakula. Sisi ni Waislamu, huko nguruwe si ndio mboga?

#35 MkaziWaAlmada
Nguruwe yuko hadi mahali usipomtarajia. Supu ya majani inayoitwa caldo verde, ukiitazama utasema salama, ni sukuma na viazi. Chini kabisa ya bakuli wameweka kipande cha chouriço, soseji ya nguruwe. Useme mapema, "sem chouriço", na hata hapo uliza kama haikupikwa nayo. Francesinha ya Porto achana nayo, ni nyama juu ya nyama na nguruwe katikati.

Samaki ndiyo njia yenu: dagaa wa kuchoma mkaani, dourada, pweza wa kuoka na mafuta ya zeituni. Bacalhau mjaribu pia, ni chewa wa chumvi kutoka bahari za Norway na Aisilandi, analowekwa siku moja mbili na kubadilishiwa maji, kama papa mkavu wetu, ila hana ile harufu ya kuwaita majirani. Nyama ya halali Lisbon nendeni Martim Moniz na mtaa wa Benformoso, Wabangladeshi wamejaa. Msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha, umefunguliwa 1985.

Angalia kitu kimoja mezani. Kabla hujaagiza mhudumu anakuja na kikapu cha mkate, kisahani cha zeituni, siagi, na kijikopo cha dagaa waliosagwa. Anaweka, anatabasamu, anaondoka. Si zawadi. Ukigusa mkate unalipia mkate, ukifungua kijikopo unalipia kijikopo. Kisheria hawawezi kukutoza ambacho hukuagiza wala hukukigusa, kwa hiyo sema tu "não, obrigado" waondoe. Hawachukii.

#36 Mama_Ubungo
Mbona hii wangeifanya Kariakoo ungesikia watu wanatupiana viti.

#37 Kaka_Mbezi
Bei zikoje kwa ujumla? Tusidanganyane.

#38 MkaziWaAlmada
Kahawa ndogo karibu euro moja ukinywea kaunta, ukikaa kibarazani mbele ya watalii inaongezeka. Tiketi ya metro haifiki euro 2. Kodi ya watalii Lisbon ni euro 4 kwa mtu kwa usiku tangu Septemba 2024, hadi usiku saba, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Wewe Mgosi watu watatu, ni euro 12 kila usiku. Tavira ni rahisi kuliko Lisbon, na Septemba ikisogea mwisho bei inashuka.

#39 Dereva_wa_Njia_Kuu
Kodi gari Faro. Algarve bila gari utaona nusu yake. Barabara ya A22 inayokata Algarve nzima ilikuwa ya kulipia, imefutwa tangu 1 Januari 2025. Ile A2 ya kutoka Lisbon bado ina malipo. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva, na uwe na kadi ya mkopo halisi yenye jina la dereva, kwa sababu dhamana wanaishikilia humo. Mimi nilifika kaunta na kadi ya kawaida ya benki, hela imejaa, wakanikatalia gari nililokwisha kulipia. Niliongea Kiswahili peke yangu pale.

#40 Shangazi_Nakuru
Na wanaendesha upande wa kulia! Gari nyingi ni za gia za mkono, mkono wa kulia ndio unaobadilisha. Ukishuka Lisbon kwenye vichochoro vya Alfama utaomba toba. Treni Lisbon hadi Faro ni kama saa tatu, mnakaa mnakula njugu.

#41 Dereva_wa_Njia_Kuu
Treni hadi wagome. Ureno migomo ya treni ni jambo la kawaida, angalia habari ya "greve" siku mbili kabla.

#42 Tajiri_Mtarajiwa
Je, Nazaré? Nataka kuona yale mawimbi ya ghorofa nane.

#43 Mwalimu_Ramani
Nenda Novemba hadi Februari. Lile la rekodi alilopanda Sebastian Steudtner na ubao wake, mita 26.21, lilikuwa Oktoba 2020. Kiangazi utakuta bibi anauza karanga na dagaa mkavu. Lakini msiidharau hata hivyo, pwani ya magharibi ina mikondo ya kuvuta. Bendera nyekundu ikipanda, hakuna kuingia, na wanatoza faini. Ya njano, usiogelee, kaa maji ya miguu. Ya mirabaraba ya buluu na nyeupe maana yake mwokoaji hayupo kwa muda.

#44 Chuma_Ulete
Mbona hamtaji Madeira? Ronaldo anatoka huko, uwanja wa ndege una jina lake.

#45 Mpita_Njia_Maputo
Madeira nzuri kwa milima, fukwe zake nyingi ni mawe. Mchanga uko kisiwa cha jirani, Porto Santo. Na uwanja huo wa Ronaldo upepo ukikasirika ndege inageuza. Kwa mtu mwenye siku chache na mzee, hapana.
Ukitaka mpira kwa maana yetu, nenda Panteão Nacional ukamwone Eusébio. Mtoto wa Mafalala, Maputo. Amewekwa pale tangu 2015 pamoja na wakubwa wao.

#46 Chuma_Ulete
Mafalala kweli? Miaka yote nilidhani Mreno wa Ureno. Nimekubali, huu uzi una faida.

#47 Mgosi_wa_Makorora
Nimekaa na mama watoto jana. Tumepanga hivi: siku nne Lisbon, zilizobaki Tavira, gari tutaona. Yeye anataka Sintra. Bi mkubwa kasema hana haja ya kasri, anataka kujua kama kuna vilima.

#48 MkaziWaAlmada
Vilima? Lisbon ni vilima vitupu, na njia za miguu ni vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyosuguliwa na miaka. Vikilowa vinateleza vibaya. Mnunulieni viatu vya soli ya mpira, si ndala. Fikieni Baixa, huko ni tambarare. Tramu namba 28 watu wanaisifu, ila ndiyo soko la wachomoa mifuko, mkoba wa bi mkubwa ukae mbele. Ile ya kamba ya Glória ilianguka 3 Septemba 2025 ikaua watu 16, msiiweke kwenye mipango.

Sintra ni dakika arobaini kwa treni kutoka Rossio. Kasri la Pena tiketi ina saa yake, nunueni mtandaoni, na kutoka getini hadi juu kuna mwinuko, kuna kibasi cha kulipia. Yeye bi mkubwa akibaki mjini na chai yake hajakosa kitu. Jerónimos Jumatatu imefungwa, usijipange siku hiyo.

Tavira atapenda. Tambarare ya kutosha, kuna mto katikati, na boti inawavusha hadi kisiwani kwenye ufukwe.

#49 Nahodha_Kojani
Mkifika Tavira mpime maji kwa kipimajoto, siku ya levante na siku ya upepo wa kaskazini, mtuletee namba hapa. Mwalimu bado hajanijibu vya kutosha.

#50 Mwalimu_Ramani
Nimekujibu kwenye #10. Na azamishe kipimo kirefu, juu peke yake hakutoshi.

#51 Kijana_wa_Kibokoni
Watu wameenda likizo nyie mnawapa kazi ya utafiti.

#52 Shangazi_Nakuru
Mgosi, kabla sijasahau: shirika la treni la CP linawapa waliotimiza miaka 65 nusu nauli. Bi mkubwa aonyeshe pasi tu. Usimkatie kamili.

#53 Mgosi_wa_Makorora
Hata kwa mgeni? Na mabasi je?

#54 Shangazi_Nakuru
Hata mgeni, wanaangalia umri. Mabasi kila kampuni na bei yake, uliza dirishani. Na siku za treni za mbali nunua mapema, wiki kadhaa kabla kuna tiketi za bei ya chini na zinaisha haraka. Linganisha kwanza, maana punguzo la mzee na lile la mapema huwa hayajumlishwi.